Nakala ya Mnong'onezi

Mafunda alikuwa na maneno, sauti hana.
Akiimba, paka wa Kwahani walihama darini.
Ussi alikuwa na kanuni, nyuzi sabini na kitu,
na ulimi mzito wa mtu aliyelelewa na babu kiziwi.
Walikutana kwenye foleni ya mafuta ya taa:
huyu ananung'unika mizani,
huyu anahesabu kwa kidole juu ya dumu.
Dumu likajibu.
Watu wakasema, hao washaoana.
Hawakuoana. Waligombana tu, miaka thelathini na moja.

Wimbo wa kwanza waliuandika nyuma ya stakabadhi ya karafuu:

    Nilikupa ufunguo,
    ukauiba mlango.

Wiki ya tatu redio ilishauchosha.
Mwezi wa pili ulikuwa kwenye kanga,
na harusini Mwembetanga mke mkubwa akaivaa,
akapita mara nne mbele ya mke mdogo,
polepole, ili asome hata asiyejua kusoma.
Mwimbaji alitunzwa noti mpaka kifuani.
Mafunda aliinunua kanga ile kwa bei ya duka,
akamwuliza mwenye duka, "Maneno haya ya nani?"
"Ya watu. Maneno siku zote ya watu."
Alicheka njia nzima hadi Michenzani,
kisha hakulala.

Ndipo wakataka mchezo.
Si nyimbo kumi na mapumziko ya soda. Mchezo,
mtu aingie na jina, atoke na msiba,
na kila wimbo umsukume hatua moja.
Tukapewa ghala lililokuwa la makonyo.
Hata pazia lilinuka karafuu.
Mimi nilikaa nyuma yake na nakala na tochi,
kazi yangu kunong'ona.

Usiku wa kwanza, sehemu ya tatu, Raya alikufa.
Alikufa vizuri. Kanuni ilishuka naye uzi kwa uzi.
Ukumbi ukalia,
kisha ukafanya ulivyozoea: ukainuka kwenda kutunza.
Bibi mmoja wa Jang'ombe alipanda jukwaani,
akamwekea maiti noti kwenye paji la uso.
Akafuata wa pili. Foleni ikafika mlangoni.
Mume aliyefiwa hana pa kusimama aomboleze.
Noti ya kumi, iliyokaa siku nyingi ndani ya kopo la bizari,
ikamfikia Raya puani.
Maiti akapiga chafya.
"Yarhamkallah," ukumbi mzima ukaitikia.
Nikanong'ona, "Kufa tena."
Haikuwamo kwenye nakala.

Waligombana mpaka adhana ya alfajiri.
Ussi: wamezoea taarab, tuwarudishie taarab yao.
Mafunda: wamezoea kutoa, basi tuwaandikie deni.
Kufika Ijumaa marehemu alikuwa na wadai,
kila apandaye na noti anamkomboa,
na mume haanzi wimbo wake
mpaka mtu wa mwisho ameshuka.
Siku nyingine alianza saa nne. Siku nyingine, saa sita.
Ussi alirudia nyuzi zilezile tatu,
na kwa mwanga wa tochi niliona
anavyopenda kusubiri.
Kwa noti za maiti tulinunua mabati ya paa.

Sasa ghala ni duka la vigae.
Nakala ninayo mimi, kona zimeliwa na mende.
Pembeni, kalamu ya risasi ya Ussi: *Fupisha.*
Chini yake, wino wa Mafunda: *Fupisha wewe.*
Ukurasa wa arubaini hawakuandikiana kitu,
ila doa la chai, kubwa, la vikombe viwili.

Mafunda siku hizi majina yanamponyoka.
Juzi, sokoni Mwanakwerekwe,
mwanamke mbele yetu kajifunga ile kanga.
Mafunda akaisoma kwa sauti, neno kwa neno,
akasema, "Aliyeandika haya alikuwa mchokozi."
Ussi, kikapu cha dagaa mkononi, akamjibu,
"Na alikuwa hajui kufupisha."
Nami nipo hatua mbili nyuma yao, tochi sina.